Salamu Zilizokatwa

Saa tano kamili asubuhi, siku ya Alhamisi, Mkasi aliruka ukuta wa Idara yake mwenyewe akiwa na barua ndani ya soksi.

Hakuwa mwizi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameruka kuta za watu wengine kwa amri ya Idara hiyo hiyo ya upelelezi. Leo aliruka ukuta wa kwao, bila amri ya mtu.

Alitua juu ya pipa la taka, akateleza, akasimama. Yamaha yake ilikuwa nyuma ya duka la vioo. King'ora kililia. Geti la chuma likaanza kusogea, na Land Cruiser nyeusi ikatoa pua.

Akapiga kiki.

Redio ndogo ikakwaruza sikioni.

"Mkasi. Rudisha karatasi."

Ilikuwa sauti ya Mkuu. Mkuu hakuwa mtu wa kufoka. Alisema kila neno polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa.

"Nitairudisha, Mkuu."

"Lini?"

"Ikishasema."

Akaichomoa redio, akaizima, akaitia mfukoni.

Land Cruiser ilimfuata mpaka mtaa wa maseremala. Ndani yake walikuwemo wenzake wawili, watu aliokula nao chakula cha mchana jana yake. Walijua kuendesha, na yeye alijua hivyo. Alipoona wamemkaribia, alikata kushoto na kuingia uani kwa fundi seremala aliyekuwa akipaka vanishi fremu ya mlango iliyosimamishwa wima katikati ya uwanja. Mkasi alipita na pikipiki yake katikati ya fremu ile kama mgeni aliyealikwa. Hakuigusa hata kwa bega.

Gari halikuweza. Fundi alibaki na brashi mkononi.

Barua ile ilikuwa ya Gundi.

Gundi na Mkasi walifanya kazi pamoja tangu wakiwa na nywele nyeusi. Mkasi alikata waya, kufuli na maneno. Gundi, akishamganda mtu, hakubanduka. Mwezi uliopita alikuwa amemganda mgeni mmoja aliyeitwa Daktari, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitibu hata mbuzi. Daktari alikuwa ameingiza nchini kwa magendo makasha kumi na mawili ya makombora, yale ya kubebwa begani na kutungulia ndege. Siku ya tisa, Gundi akapotea.

Ijumaa iliyopita barua ikanaswa posta, imeandikwa kwa mkono wake, ikienda kwa mkewe. Alisema ameacha kazi kwa hiari yake, amepata maisha mazuri kwingine, asitafutwe. Wafumbuzi wa Idara waliipitisha kwenye mashine yao siku tatu. Wakaandika ripoti ya mstari mmoja: hakuna ujumbe uliofichwa.

Maana yake Gundi ni msaliti. Mtu asiyetafutwa tena. Kama yuko mikononi mwa Daktari, basi atafia huko huko.

Leo asubuhi Mkasi alimkuta fundi wa Idara akifungua skrubu za kibao cha jina la Gundi mlangoni. Skrubu nne. Mkasi alisubiri mpaka ya mwisho ikatoka. Kisha akateremka chumba cha majalada, akamwambia karani kwamba anaitwa ghorofani, na karani alipotoka akaichukua barua.

*

Nyumba ya Gundi ilikuwa na vyumba vitatu na sebule moja, na sebule hiyo ilikuwa imegeuzwa ofisi ya vita.

Mke wa Gundi alikuwa fundi cherehani. Ukuta mzima juu ya Singer yake ulibandikwa karatasi, kwa pini za nguo. Idara ilikuwa imempa nakala ya barua ya mumewe iliyopigwa chapa, ukurasa mmoja, kama hisani. Kwa siku sita yeye na baba mdogo wa Gundi walikuwa wameikamua nakala ile kama nguo inayotoka majini.

Baba mdogo alikuwa mstaafu wa reli. Miaka thelathini na nne aliongoza taa za treni, akazeeka akiamini kwamba kila kitu duniani ni ishara, na kazi ni kuisoma tu. Alikuwa amechukua herufi ya kwanza ya kila mstari, akapata kitu kisichotamkika. Akasoma barua kutoka chini kwenda juu, na kwenye kioo. Kisha mke wa Gundi akahesabu maneno kama anavyohesabu mishono, akichukua la saba na kuacha mengine, na yakatoka maneno matatu: kesho, ndani, kiatu. Baba mdogo hakulala. Alizipasua soli za jozi nne za viatu vya Gundi kwa kisu cha jikoni, akakuta gundi na misumari.

Tangu Jumanne alikuwa akidai karatasi yenyewe. Kwenye nakala, alisema, wino usioonekana hauwezi kutokea hata uiombe. Mkasi alikuwa amemwomba Mkuu mara tatu. Mara tatu Mkuu alikataa.

Mkasi alipoingia, pasi ilikuwa tayari kwenye umeme.

"Shemeji, umeipata?" mke wa Gundi aliuliza, bado ameshika mkasi wa kukatia vitambaa.

Mkasi akavua kiatu, akaitoa barua kwenye soksi. Baba mdogo alijaribu joto la pasi kwa kidole kilicholowa mate. Ikafanya chsss. Akasema iko sawa.

"Hebu ngoja kwanza, bwana reli," mama mkwe wa Gundi alisema kutoka kwenye kochi.

Mama huyu aliishi na mwanawe humo ndani mwaka wa sita sasa. Kwa siku zile sita za barua alikuwa amekaa kimya akichambua mchele, maana hakuna aliyemuuliza. Kabla ya hapo, kwa miaka thelathini, alikaa kwenye kibaraza cha posta na taipureta yake, akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika.

Alinyoosha mkono. Akavaa miwani. Akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Hii ina kurasa mbili. Yenu ina mmoja."

Mkasi alieleza. Idara ina utaratibu wake, umebandikwa ukutani kwa wafumbuzi: kabla maandishi hayajaingia kwenye mashine, maneno ya mazoea yaondolewe, yanaipotezea mashine muda. Salamu, pole, dua na kwaheri. Nakala iliyosomwa na mashine, na wataalamu, na Mkuu mwenyewe, ilikuwa ndiyo hiyo iliyokwishachujwa.

"Yaani walikata salamu?"

"Walikata, mama."

"Watu wazima?"

"Wenye shahada."

Mama mkwe alimtazama kwa muda, kama anayemhurumia.

"Mwanangu, nimeandika barua za watu mpaka vidole vikapinda. Habari ya mtu huwa mstari mmoja. Nimefika, sijambo, nitakuja. Iliyobaki yote ni nani asalimiwe na nani arukwe. Ugomvi umo humo, mapenzi yamo humo, hata mirathi imo humo. Ukikata salamu umebaki na bahasha."

Akamwambia baba mdogo aizime pasi. Kisha akasoma kwa sauti, pale katikati ya ukurasa wa kwanza:

"Unisalimie sana binamu yangu, mlinzi wa kiwanda cha barafu, mwambie namkumbuka mchana na usiku."

Mke wa Gundi aliangusha mkasi.

Mume wake na binamu huyo hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na mmoja, tangu siku binamu alipomng'oa jino harusini mbele ya wageni. Wakikutana njiani, mmoja huvuka barabara. Na kiwanda cha barafu kilifungwa zamani, mlinzi wake akarudi kulima.

"Hamkumbuki yeye," mke wa Gundi alisema taratibu. "Anakikumbuka kiwanda. Yuko pale."

"Soma, mama," Mkasi alisema.

"Mama mkwe mkampokee kwa heshima zote Alhamisi ijayo, anakuja na treni ya saa nane mchana." Akashusha miwani. "Mimi nalala chumba cha pili. Nije na treni gani?"

Alhamisi hiyo ilikuwa leo. Mkasi alitazama saa yake, Casio ya plastiki. Saa sita kasoro dakika tano.

Baba mdogo alikuwa ameshasimama. Nyuma ya kiwanda cha barafu, alisema, kuna reli ya pembeni, aliihudumia yeye mwenyewe enzi hizo. Treni ya mizigo inayokwenda mpakani hupita pale saa nane. Ikisimama dakika tano tu, makasha kumi na mawili yatakuwa ndani ya behewa.

Na mtu aliyeyaona makasha hayo hataachwa hai.

Mama mkwe aliendelea. Gundi alimsalimia shangazi yake na kumwomba asichoke kumpikia. Shangazi alikwishafariki. Aliuawa na mtungi wa gesi uliolipuka jikoni kwake. Kisha Gundi akaomba mapacha wa dada yake wabusiwe. Dada yake alikuwa na mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameota ndevu.

Hilo la mapacha lilileta ubishi. Baba mdogo alisema ni walinzi wawili. Mke wa Gundi alisema ni milango miwili. Mama mkwe alisema yeye ni mwandishi, si mganga, na kwamba barua ikisema wawili basi watafute wawili wakifika huko.

Mkasi akatoa Nokia yake ya kitochi, akampigia Mkuu. Akamweleza yote kwa sentensi sita.

"Ushahidi wako ni salamu," Mkuu alisema.

"Ndiyo."

"Zimefumbuliwa na nani?"

"Mama mkwe wake."



"Idara haiendeshwi na mama wakwe, Mkasi. Siwezi kutuma kikosi kwa sababu mtu amemsalimia binamu yake. Rudisha karatasi, ujisalimishe."

"Basi njoo unikamate," Mkasi alisema, akakata simu.

Aliisema kwa hasira. Lakini alipokuwa akifunga kiatu, alitulia, akatabasamu. Akaitoa ile redio ndogo mfukoni. Idara ilikuwa na uwezo wa kujua redio hiyo iko wapi, mradi imewashwa.

Akaiwasha. Akaitia mfukoni tena, ikiwaka.

Kama kikosi hakiji kwa ajili ya Gundi, kitakuja kwa ajili yake.

*

Saa saba na dakika kumi na tano.

Kiwanda cha barafu kilikuwa mwendo wa saa moja nje ya mji, jengo la matofali lisilo na madirisha. Getini palikuwa na walinzi wawili na bunduki aina ya AK, wamekaa juu ya kreti za soda, mmoja akimwonyesha mwenziwe kitu kwenye simu.

Mkasi hakwenda getini. Alizunguka kwa reli, akapanda ukuta wa nyuma. Mlinzi wa tatu alikuwa akijisaidia pale chini. Mkasi alimshukia mabegani. Mtu yule alilala kabla hajafunga zipu.

Wa nne alitokea kwenye kona, bunduki mbele. Glock ya Mkasi ilikuwa na kiwambo cha kuzuia sauti. Ilikohoa mara moja. Risasi ikaingia begani, bunduki ikaanguka, na Mkasi akamfuata kwa kiwiko cha taya.

Ndani palinuka kutu na maji ya zamani. Upande wa reli, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliona makasha yamepangwa tayari, na watu sita, na mtu mrefu mwenye suti ya kijivu akitazama saa. Daktari.

Kwanza Gundi. Daktari baadaye.

Chumba cha baridi kilikuwa mwisho wa korido, mlango wake mnene kama godoro. Mkasi hakuugusa. Alitoa kamera nyembamba kama mrija, akaipenyeza kwenye tundu la maji chini ya mlango, akatazama kwenye kioo chake kidogo.

Gundi alikuwa amefungwa kwenye kiti cha chuma, kichwa kimeanguka kifuani. Wamemdunga sindano ya usingizi. Kutoka kwenye mpini wa mlango, kwa ndani, waya ulishuka mpaka kwenye mtungi wa gesi wenye baruti na betri ubavuni.

Shangazi.

Anayefungua mlango anakwenda na jengo zima.

Juu ukutani kulikuwa na mfereji wa bati, ambamo zamani vipande vya barafu viliteremshwa. Ulikuwa mwembamba. Mkasi alivua koti, akatoa pumzi yote kifuani, akaingia kwa kichwa. Alikwama mara moja, mabegani. Alisukuma. Ngozi ilibaki kwenye bati, yeye akapita.

Alitua kwa mikono. Akakata waya wa betri kwanza, kisha wa mlango. Mtungi ukawa mtungi tu.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Alimwendea Gundi, akakata kamba za mikono, akakata za miguu. Akamshika chini ya makwapa amwinue.

Akaganda.

Mapacha.

Walinzi walikuwa wanne, si wawili. Mlango ulikuwa mmoja.

Alimwachia Gundi polepole, kilo zake zote zikabaki kitini. Akapiga magoti, akaweka shavu sakafuni, akawasha tochi. Chini ya kiti, umefunikwa kwa gunia, ulikuwepo mtungi wa pili. Juu yake springi, imekandamizwa na uzito wa mtu. Mtu akiinuka, springi inainuka.

Jasho lilimwingia machoni. Hakulifuta. Waya zilikuwa tatu na zote nyeusi. Alizifuata kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, mpaka akaipata inayotoka kwenye betri.

Akakata.

Hakuna kilichotokea. Hakuwahi kupenda kitu maishani kama alivyopenda hicho ambacho hakikutokea.

Alimpiga Gundi makofi mawili. Gundi akafungua jicho moja.

"Nani aliisoma?" alinong'ona.

"Mama mkwe wako."

Jicho likafumba tena. "Nimekwisha. Atanikumbusha mpaka kaburini."

*

Saa nane kamili treni haikutokea.

Daktari alitazama saa yake, akatazama reli. Watu wake wakatazamana. Kwa mbali, nyuma ya kilima, treni ilipiga honi ndefu, ya hasira, kisha ikanyamaza.

Baba mdogo hakuwa amempigia simu waziri. Alikuwa amekwenda kwa teksi mpaka kibanda cha taa za reli, kwa mtu aliyemfundisha kazi mwenyewe, akamwambia awashe nyekundu na asimuulize swali. Mtu yule hakumuuliza.

Saa nane na dakika nne, geti la mbele liling'oka.

Land Cruiser tatu ziliingia kwa vumbi. Zilikuwa na watu kumi na wawili wa Idara, wamekuja na pingu moja, kumkamata mwenzao. Walikuta makasha kumi na mawili, Daktari, na watu sita wenye bunduki waliodhani kikosi kile kimekuja kwa ajili yao.

Walinzi wa getini walitupa silaha. Wa relini walifyatua. Ilikuwa dakika moja ya kelele.

Daktari alirukia Hilux nyeupe, akaiwasha, akakanyaga mafuta. Mkasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, Gundi begani. Hakumwachia. Aliinua mkono mmoja, akafyatua mara mbili. Tairi mbili za upande mmoja zikalala, Hilux ikapanda rundo la matofali na kuzimika.

Daktari alishuka mikono juu, suti imejaa vumbi. Aliuliza, kwa Kiswahili cha kuvunjika, ni nani alimchoma. Barua yote aliisoma mwenyewe, alisema, neno kwa neno, kabla haijatoka.

"Ulisoma," Mkasi alikubali. "Lakini huna ndugu."

Mkuu alifika dakika kumi baadaye, kwenye gari lake mwenyewe, tai imenyooka. Alifungua kasha moja, akachungulia, akalifunga. Alikwenda mpaka kwa Gundi, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe akinywa maji, akasimama mbele yake. Akamgeukia Mkasi.

"Umevunja kanuni saba."

"Sikuzihesabu."

"Nitaandika ripoti. Waliofumbua nitawaandika nani?"

"Fundi cherehani, mstaafu wa reli na mama mkwe."

"Hao hawamo kwenye Idara."

"Ndiyo maana wamefaulu."

Mkuu alinyoosha mkono wazi. Mkasi alielewa. Akachomoa magazini kwenye Glock, akaweka vyote viwili juu ya boneti, na redio kando yake, bado inawaka.

"Unajua hii maana yake nini," Mkuu alisema.

"Najua. Kesho asubuhi kibao cha Gundi kiwe mlangoni kwake. Skrubu zote nne. Kisha unipigie simu, nitaangalia kama nina nafasi."

Dereva wa Mkuu alifungua mlango wa nyuma, akamwambia Gundi gari liko tayari kumpeleka hospitali. Gundi aliutazama mlango ule, akamtazama Mkuu. Akasema ameshakaa kiti kibaya wiki hii, safari hii atatembea.

Mkewe alikuwa kwenye kivuko cha reli, hatua mia tatu mbele, pamoja na wale wazee wawili na teksi. Mkasi alimtia mwenzake mkono kiunoni. Wakashika njia katikati ya reli, vumbi likipeperuka miguuni, bila haraka.

Nyuma yao mtu mmoja wa Idara aliwapigia kelele watoke relini, treni inakuja.

Mkasi hakugeuka. Juu ya mlingoti taa ilikuwa bado nyekundu, na hakukuwa na treni ambayo ingepita pale mpaka baba mdogo aseme.